Ndevu za Baba

Nimenyolewa katika miji mingi, lakini leo harufu ya spiriti shingoni imenirudisha kwenye kibanda kimoja cha kinyozi, mtaa wa Albert Park, ugenini tulikokimbilia. Baba alikuwa ameapa kutonyoa ndevu mpaka mahakama ya nchi yetu iamue nani ameshinda urais. Mgombea wake akishinda, tungerudi kwetu. Mama alikuwa ameshafunga masanduku.

Siku hiyo redio ilisema kura zimehesabiwa upya, na majaji wamempa ushindi rais yule yule tuliyemkimbia.

"Korti imeshasema, papa," kinyozi akamtania. "Leta hizo ndevu, ndege watataga humo."

"Nyoa yote," baba akajibu.

Tulipofika nyumbani, mama alitazama kidevu cha baba kilichong'aa, kisha macho yake. Akaanza kufungua masanduku.