Mwenye Zamu Alikuwa Amelala

Mimi ni fundi cherehani, na nina hasira za karibu. Dada yangu mkubwa hasira zake ziko mbali, na kazini kwake wameugeuza upole wake kuwa mkeka wa kukalia. Haya nayasimulia mimi kwa sababu yeye angeyasimulia kwa upole, na upole hayastahili.

Kazi yake ni kutambua nyota zilizolipuka. Kukionekana nukta mpya ya mwanga angani, yeye na wenzake huielekezea darubini, wakauchanganua mwanga wake rangi kwa rangi, kama upinde wa mvua, kisha wakasoma mistari iliyomo. Mistari hiyo ndiyo huwaambia nyota ilikuwa na nini tumboni. Yenye hidrojeni ni aina moja, isiyo nayo ni nyingine, na nukta nyingine si mlipuko kabisa, ni kitu kimejiwasha tu kusumbua watu. Nimeishi naye mpaka na mimi nayajua haya, ingawa shuleni mimi na sayansi tulikuwa hatusalimiani.

Shida ni kwamba nyota hulipukia ndani ya galaksi, na galaksi ina hidrojeni yake inayowaka kimya kimya. Mwanga wa vyote viwili huingia kwenye darubini pamoja. Kwa hiyo dada ana kawaida moja ambayo haivunji hata umshikie bunduki: hatamki aina kabla hajapima mwanga wa galaksi pembeni ya nukta na kuutoa. Wenzake wanamtania, wanamwita Mama Subiri. Na nyumbani yuko vivyo hivyo. Hanunui kitambaa mpaka akitoe nje ya duka akakione juani.

Asubuhi moja alitoka zamu akaja kulala. Kazini aliacha nukta mpya yenye mstari wa hidrojeni mwembamba kama sindano, na ujumbe kwenye kompyuta ya zamu: bado, galaksi haijatolewa. Mkuu wa kitengo chao, profesa mwenye suti nzuri na kiherehere, akaingia, akauona ule mstari, akaona aina adimu. Mstari mwembamba namna ile, ukiwa kweli ni wa nyota, maana yake nyota imelipuka ikagonga gesi iliyoitapika yenyewe zamani, na vitu hivyo watafiti wanavigombania. Hakutaka kutanguliwa na kituo kingine. Akatangaza kwa ulimwengu mzima. Na kwa utaratibu wa kituo chao, tangazo hutoka kwa jina la mwenye zamu iliyoiona nukta. Dada yangu alikuwa anakoroma chumba cha pili, huku jina lake linazunguka dunia.

Alipoamka na kufungua simu, alilikuta tangazo lenye jina lake. Watu wa nchi nyingine walikuwa wameacha kazi zao na kugeuza darubini kufuata kitu ambacho hakipo. Akaja na kompyuta yake kwenye meza yangu ya kukatia, akaiweka juu ya sketi ya mteja, akautoa mwanga wa galaksi. Mstari ukaondoka wote. Kilichobaki ni bonde pana, mahali silikoni ilipoumeza mwanga, alama ya aina ya kawaida kabisa. Na wiki hiyo hiyo kamati ilikuwa inakaa kumchagua msimamizi wa chombo kipya cha kuchanganua mwanga, kazi ambayo dada aliingojea tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote.

Mtu mwenye haya angeomba radhi. Profesa alisimama kwenye kikao cha kituo akasema mwenye zamu ameteleza, ni ubinadamu. Dada aliponieleza, niliunguza kola kwa pasi. Yeye alituma sahihisho kwenye ukurasa wa nyota ile unaosomwa na dunia nzima, na palipotakiwa sababu akaandika: aina ya kwanza ilitangazwa na mkuu wa kitengo kabla mwanga wa galaksi haujatolewa, mwenye zamu alikuwa amelala.

Jioni profesa akatutembelea. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, akamwita dada "binti yangu", mwanamke aliyepita arobaini. Akasema hakuna kituoni mwenye jicho kama lake. Akamvika kilemba cha ukoka kikamfika masikioni. Kisha akatoa alilojia: sentensi ile iondolewe, iandikwe tu kwamba kulikuwa na hitilafu katika kuchakata data. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwenyekiti wa kamati ni rafiki yake, alisema, na sentensi ikiondoka kazi ni ya dada. Isipoondoka, yeye hawezi kuahidi lolote. Nilikuwa na sindano mkononi, na Mungu anajua nilivyojizuia.

Dada akamuuliza jambo moja tu.

"Ujumbe wangu kwenye kompyuta uliusoma?"

"Niliusoma," akasema. "Lakini nikajua ni wewe na subira zako."

Aliusema huo upuuzi huku anatabasamu, kana kwamba sote tungecheka. Dada alifungua sahihisho kwenye simu yake, profesa akavuta kiti karibu akidhani mambo yameisha. Profesa akamwonyesha kwa kidole mahali pa kubadilisha.

"Badilisha mwenyewe, Profesa," dada akasema, akimnyooshea ile simu. "Kuandika kwa jina langu si umeshazoea?"

Hakuipokea. Aliinuka akaaga.

Kazi ya chombo kipya alipewa mtu mwingine. Dada anasema anga ni lilelile, na amerudi kwenye zamu zake. Mimi sijasamehe wala sina mpango. Ila kila anayeitafuta nyota ile, popote alipo duniani, anakutana na sentensi ile ya sahihisho kwanza, na jina la dada yangu chini yake.