Nilivyoosha Sponji ya Mkwe

Sitaki kuwaficha, mpaka leo nikikutana na watu wa Columbus kanisani najifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Nimepita vita, nimekaa kambini Kigoma miaka kumi na mitatu, nikaletwa hapa Louisville nikakata kuku kiwandani mpaka vidole vikafa ganzi, halafu walioniweza ni samaki, tena samaki wenyewe hata hawaliwi.

Walikuwa wa Elie, kijana wa Hilliard, kule Columbus, anayemtaka binti yangu Divine. Alipata kazi huku kwetu South End, akapanga kufikia kwangu kwanza, akatanguliza tangi lake wiki moja kabla wazee wake hawajaleta posa. Samaki kumi na wawili, kawafuga tangu mwaka aliofika Marekani, kila mmoja na jina lake (mtu mzima!). Filta ya zamani, ile mashine ya kuchuja maji, ilikuwa inanguruma kama trekta, kwa hiyo akaniachia mpya.

"Mama, hii ikizima, toa sponji yake uiweke ndani ya filta mpya hivyo hivyo. Usiioshe. Huo uchafu ndio unaosafisha maji, kuna vijidudu humo vinakula sumu ya kinyesi chao."

Nikasema ndiyo, baba. Na nilielewa! Sasa mtazameni wifi yangu Goreth, aliyetoka Buffalo, kule Riverside, eti kuja kunisaidia kupika. Jumatatu filta ikazima, nikatoa sponji, nyeusi, inateleza, inanuka kama mtaro.

"Wifi, hii ndiyo unaiweka sebuleni? Wakwe watasema binti katoka nyumba gani?"

Nikamweleza habari za vijidudu.

"Uchafu unasafisha! Basi tuache kuoga."

Na mimi, ambaye kambini mgeni akitarajiwa nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ajione uso, nikabandika maji, nikaichemsha ile sponji, nikaipiga brashi (sabuni sikutia, jamani, nina akili), ikarudi bluu kama ya dukani, nikaitia ndani ya filta mpya, nikajisifu.

Jumatano maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Alhamisi samaki wote juu, midomo wazi, kama kwaya isiyo na sauti. "Wamezoea Columbus," akasema Goreth, "watazoea na huku." Ijumaa nikatoa maiti mbili. Hapo ningempigia Elie simu. Sikupiga, nilijiambia hatawahesabu, nikatandaza kitambaa cha meza juu ya tangi.

Jumamosi wakafika. Shangazi yake Elie, Mama Consolate, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatafuta sababu ya kutukataa, akakaa karibu kabisa na tangi. Msemaji wao yuko katikati ya maneno matamu ya kuomba mchumba, Elie akanyoosha mkono, akainua kitambaa. Wanne walikuwa wanaelea.

"Mama, kuna nini?"

Nikajibu kwa sauti, ukoo mzima unasikia: "Mwanangu, hiyo filta wamekuuzia mbovu!"

Elie, na suti yake, akakunja mkono wa shati, akafungua filta, akatoa sponji. Inang'aa.

"Umeiosha?"

"Sijaigusa."

Na Goreth, aliyekula kwangu wiki nzima, akasema, "Wifi, mimi si nilikukataza?"

Mama Consolate akajifunga kitenge vizuri. "Samaki hawajamaliza wiki mikononi mwake, na akiulizwa anadanganya. Kijana wetu ndiye tumlete hapa?"

Watu wakacheka. Divine akanifokea kwa Kiingereza ambacho, namshukuru Mungu, sikukielewa chote. Samaki sita waliobaki wakaondoka kwenye ndoo, mapajani mwa Elie, na posa ikaondoka nao.

Miezi mitatu Divine hakunisemesha. Mwishowe nikapanda basi mpaka Hilliard, nikapiga magoti mbele ya Mama Consolate, nikasema: niliosha, nikadanganya. Akaniacha magotini mpaka akamaliza chai yake, chai ya moto, anaipuliza. Kisha akasema, "Tutarudi. Lakini Elie atakaa kwake na samaki wake."

Kuosha kungesamehewa siku ile ile, nililijua hilo magoti yakiwa yanawaka. Sitamdanganya tena mtu anayeweza kukunja shati akaangalia mwenyewe. Harusi ni mwezi wa sita. Goreth ameshatuma ujumbe kuuliza tutavaa kitenge gani, kisha akapiga simu. Niliiacha ilie.