Mangi na Kichwa Kisichotulia

Wasomaji wangu wa siku zote mtanisamehe, leo sina siasa wala bei ya nyanya. Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia, nikakuta maduka ya mtaa ule yamefunguliwa mlango nusu. Duka ambalo mwenyewe huniona tangu mbali akanipigia kelele, "Mwandishi, Jumamosi mpira uliupeleka wapi?" lilikuwa limefungwa kabisa. Jirani yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Mangi ametutoka. Presha." Nilikaa juu ya jora la kitambaa pale dukani kwa jirani nikalia, wala sioni haya kusema.

Mangi, kama tunavyowaita wafanyabiashara wengi waliotoka Kilimanjaro, alikuwa mchezaji mbaya wa gofu, na mimi ni shahidi mzuri kwa kuwa nilikuwa naye kundi moja la wabovu. Tulifahamiana kwenye uwanja wa gofu wa mjini, wote tumeanza ukubwani. Kosa lake lilikuwa kuinua kichwa kabla fimbo haijagusa mpira, kwa hiyo mpira ama ulibaki palepale, ama ulipinda kulia na kuzama vichakani. Nasi wachezaji wa ridhaa tuna ugonjwa wa kuwatibu wenzetu. Mmoja alimwambia alegeze viganja, mwingine akunje magoti, mimi nikamwambia anyooshe mkono wa kushoto, jambo ambalo mwenyewe limenishinda hadi leo. Alitutii wote, akazidi kuharibika. Akawa anafanya mazoezi kwenye uchochoro nyuma ya duka kwa ile fimbo ya kupimia vitambaa, na wabeba mizigo wakiegesha mikokoteni kumtazama.

"Mangi, kaza shingo! Unachungulia nini huko?"

"Namchungulia mteja," aliwajibu, kisha akanigeukia. "Mwandishi, nyie wa maofisini hamjui. Hapa unapima kitambaa kwa mikono, macho yako usoni kwa mteja. Ukimwachia kidogo tu, kashahamia kwa jirani. Hii shingo nimeifundisha hivyo tangu ujana, leo naiambiaje?"

Nilivutiwa mno na maelezo yale hata nikazunguka maduka kuwachunguza wauzaji, na kweli, hakuna aliyekitazama kitambaa. Tangu hapo nikawa najiuliza ni makosa yetu mangapi uwanjani ambayo kazini ndiyo ufundi wenyewe. Tunacheza na mwalimu wa hesabu ambaye hapigi mpaka amalize kukokotoa kila kitu kichwani, na akimaliza mikono imeshaganda.

Lakini maelezo ya Mangi yalikuwa na tundu. Baada ya mazoezi mengi shingo ilitii, na tukicheza wawili mpira wake ulinyooka vizuri tu. Siku binti yake akiwepo, kichwa juu, mpira vichakani. Binti huyo ndiye aliyemwingiza kwenye gofu bila kujua. Alikataa kurithi duka, akaenda kuajiriwa, wakatupiana maneno mazito, na kwa miaka wakabaki na "Shikamoo baba," "Marahaba," basi. Mangi, aliyekuwa akiuita mchezo huu kutembea nyuma ya yai, aliposikia binti anacheza uwanjani pale kila Jumamosi alikwenda soko la Mchikichini akajinunulia viatu vya gofu vya mtumba. Aliniambia wazi, "Hapa nikishindwa, mtoto nimempoteza."

Msibani, kabla hawajaanza safari ya kumpeleka kwao Kilimanjaro kuzikwa, binti alikuja kunisalimia. Nami umbea wangu haujui msiba.

"Pole mwanangu. Hivi ulijua kwamba usipokuwepo baba yako alikuwa anapiga vizuri?"

Alicheka huku machozi yanamtoka. "Nilijua anko. Alikuwa anainua kichwa kuangalia kama bado nipo, au nimeshatangulia na wenzangu."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia angenyoosha. Mpira ukinyooka, kila mtu anafuata wake, tunamaliza, naondoka. Ukipotea vichakani tunaenda kuutafuta wote wawili. Huko huko, siku moja, ameinama anapekua majani, akasema, 'Mama, nilikukosea.' Nikamwambia, 'Hata mimi, baba.' Mpira wenyewe hatukuuona."

Sisi wenzake tulikuwa tumemshika viganja, magoti na mikono kwa miezi mingi, tukijiona mafundi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza moyo wake uko wapi anapoinua ile fimbo. Nadhani ndivyo tunavyoishi pia majumbani na maofisini, wepesi wa kunyoosha, wazito wa kudadisi. Siku hizi nikimwona mtu anarudia kosa lilelile, naufunga mdomo kwanza, halafu nafuata macho yake nione anamtazama nani.