Usukani Uliokazwa Kupita Kiasi

Nakumbuka siku moja nyumbani kwa baba mkwe, Butimba, nilivyosimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mwanangu, kumwona mtu anakwenda kuumia nawe heshima imekufunga mdomo, hilo sikutakii.

Baba mkwe alikuwa na vespa kuukuu aliyoipenda kuliko ng'ombe wake, na kwa Msukuma hilo si neno dogo. Beringi za usukani zilikuwa zimekwisha. Ukishika breki, mikono yote inatetemeka. Mume wangu, Masanja, akanunua mpya. Asubuhi ile akafungua uma wa mbele unaoshika gurudumu, akapanga gololi moja moja kwenye grisi, kazi safi kabisa. Kosa lilikuja mwishoni, kwenye kukaza nati ya usukani. Masanja ni mtu wa nguvu, akaivuta spana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Sasa haichezi tena, baba," akasema.

Mzee akafurahi. Alikuwa anawahi kivuko cha kwenda Sengerema, dada yake amelazwa hospitali huko, na haraka ilikuwa imemjaa kichwani. Akavaa koti, akapiga kiki. Nyumba yetu ilikaa juu ya majabali, na njia ya kushukia barabarani ni mteremko mkali wenye kona, kando yake hakuna ukuta, mawe tu mpaka chini.

Mimi nilimwona alipokuwa anaigeuza. Usukani ulikwenda kushoto, ukabaki huko huko mpaka akaurudisha kwa nguvu. Nimekulia juu ya baiskeli, mwanangu, na kaka yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Usukani uliobanwa namna ile haujinyooshi. Kwenye kona unashindana nao, na kwenye mteremko ule hakuna nafasi ya kushindana.

Lakini ningesemaje? Kwetu, mke wa mtoto hakuwa akimpinga baba mkwe uso kwa uso, na kumkosoa mume mbele ya baba yake ilikuwa sawa na kumvua nguo. Nikamtazama Masanja, nikatikisa kichwa. Akanikazia macho ninyamaze. Vespa ikaanza kusogea. Niliogopa, nasema kweli, nikaona tayari watu wamejaa uani kwa msiba.

Ndipo nikageuza shingo kwa Limi, binti yangu mchanga aliyekuwa mgongoni, nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia.

"Limi mwanangu, mwambie babu asimame! Mwambie usukani umekazwa mno, utamkatalia kwenye kona!"

Mzee akashika breki pale pale mteremko unapoanza. Hakugeuka. Kisha akazima, akaisimamisha kwenye stendi, akamwambia Masanja aikandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele likanyanyuka. Akausukuma usukani kwa kidole. Ukasogea kidogo, ukakwama. Akausukuma upande wa pili, nao ukakwama.

"Legeza," akamwambia mwanawe.

Masanja akalegeza nati kidogo sana, akajaribu, akalegeza tena, mpaka usukani ukawa unaanguka wenyewe kushoto na kulia, wala haugongi kwa kulegea. Jasho lilimtiririka, na hakunisemesha mpaka wakati wa ugali wa jioni. Nilimwacha anune, kununa hakuui mtu.

Mzee alipopanda tena, alimtazama mtoto, si mimi.

"Limi, mwambie mama yako nimesikia. Na siku nyingine asingoje mpaka niwashe. Aje aniambie mwenyewe."

Akashuka polepole, nami nikamsindikiza kwa macho kona hadi kona, mpaka akaingia barabarani.

Mwanangu, wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini mkuu naye ana miguu. Wewe unayeshika spana, jua kwamba si kila kitu hukazwa mpaka mwisho, na kazi ya mkono wako ijaribu kabla hujampandisha mwenzio. Na wewe unayeona hatari, itafutie njia ya adabu ya kuisema. Ukiikosa, sema hivyo hivyo. Radhi utamwomba mtu akiwa hai, maiti hasamehe.

Mungu akupe ulimi wenye adabu usio na woga, na kila unayemuaga asubuhi, jioni umfungulie mlango.