Rimoti ya Mama na Busu la Sikukuu

Sisi tuliokulia Manyoni miaka ile soko huria lilipoanza tulikula vumbi sana, na hatukufa. Tulicheza rede barabarani mpaka jua linazama, tukaendesha magari ya waya tuliyoyaunda wenyewe, tukamung'unya ubuyu mpaka meno yakaingia ganzi, halafu tukarudi nyumbani kugombea mlenda na ugali wa uwele kwenye sinia moja. Mwenye mkono mzito alilala na njaa. Leo mwanangu akiwekewa ugali anauliza kama kuna sosi. Sosi! Mimi shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuiona aibu, maana nyumba yangu ya matofali na duka langu la vifaa vya umeme havikujengwa na cheti. Mkiona nimesahau nukta mahali, itieni wenyewe.

Ninachotaka kuwakumbusha ni kibanda cha video cha mama yangu. Baba alikuwa ameshafariki, na kibanda kile ndicho kilichotulisha mimi na dada yangu Zaituni. Kilikuwa cha mbao, na paa lake lilikuwa la mabati chakavu ambayo mama aliyanunua kwenye nyumba iliyobomolewa. Mabati yenyewe yalikuja na matundu yake ya misumari. Madirishani tulitundika magunia ya alizeti ili kuwe na giza, jenereta linanguruma nyuma, na mchana ukikaa ndani unaiona miale ya jua imening'inia hewani myembamba kama uzi. Tulikuwa tukijaribu kuishika.

Mama alikuwa na sheria yake. Mtu akipigwa risasi, sawa. Akikatwa kichwa, sawa, watoto sogeeni mbele muone vizuri. Lakini watu wakianza kubusiana, hapo ndipo maadili yameharibika. Enzi za mashine ya kanda alikuwa anainuka mwenyewe, anapeleka kanda mbele kwa kidole, anarudi mlangoni kukusanya viingilio. Sisi tunapiga miluzi, yeye anatutukana, maisha yanaendelea.

Ndipo baba mdogo Rajabu akarudi kutoka Dar na kompyuta. Manyoni nzima ilikuja kuitazama kama maiti ya mtu mkubwa. Inacheza filamu za santuri, zile sahani ndogo zinazong'aa, picha safi, haikwaruzi. Kwa kuogopa wezi mama akaifungia kwenye kizimba cha nondo chenye kufuli, juu kabisa ukutani, na funguo akaitia kifuani. Sasa utaipelekaje mbele ikifika pabaya? Baba mdogo akacheka, akatoa mfukoni rimoti na kijidude cheusi chenye waya mrefu.

"Hili ndilo jicho lake, shemeji," akasema. "Unalibandika juu ya kioo, linakutazama. Wewe unakaa mlangoni kwako, unabonyeza tu."

Wenzangu, hilo jicho lilitutesa. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu mawili yanayofanana kama mapacha. Baba mdogo akachomeka waya kwenye la kwanza, huku kompyuta ameiambia isikilize la pili. Alipambana asubuhi nzima, jasho linamtiririka, mpaka Zaituni akamwambia, "Baba mdogo, si ujaribu hilo lingine?" Akamfokea, halafu akajaribu, likakubali. Kisha rimoti ikabidi ifundishwe kama mtoto wa chekechea. Unabonyeza kitufe, kompyuta inakuuliza hiki kifanye nini, unaijibu. Baba mdogo kwa haraka zake akafanya kitufe cha kupeleka mbele kiwe cha kuongeza sauti. Mama alipojaribu kuruka busu la kwanza, busu likabaki palepale ila likasikika mpaka stesheni.

Hilo lilirekebishwa. Asubuhi tukijaribu, rimoti inatii kama askari. Mchana kibanda kikijaa, haitii. Mama anabonyeza, kimya. Anaipiga kiganjani, kimya. Ikifika jioni inarudi na akili zake kana kwamba haijafanya kosa. Tulifanya kila tulichokijua. Betri tulizing'ata. Tulizianika juani juu ya bati, kama kila mtu alivyokuwa akifanya na betri za redio, maana kwetu jua lilikuwa dawa ya kila kitu: mtama, nguo, betri, kikohozi. Rimoti yenyewe mama aliivisha mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie, akaivua, akaivisha tena. Baba mdogo akaifundisha upya kompyuta vitufe vyote. Asubuhi sawa, mchana hola.

"Mtakuwa mmerogwa na wa kibanda cha pili," akasema jirani yetu Mama Shida.

"Mchawi gani anayeacha roho yangu akahangaika na rimoti?" mama akamjibu.

Baba mdogo alijitolea kukaa karibu na kizimba na ile funguo ili mabusu ayaruke kwa mkono. Mama alimjaribu mara moja akamfukuza. Alikuwa anachelewa makusudi.

Mchana mmoja busu likapita zima, refu, watoto wakashangilia kama goli. Mtoto mmoja mjinga akaenda kusimulia nyumbani. Kesho yake akaja Mzee Ntandu, mwenyekiti wa kitongoji, tukampa shikamoo, hakuitikia vizuri.

"Mama Zaituni, wazazi wanalalamika. Sikukuu watoto wote watakuja hapa. Na mimi nitakuja. Nikiona uchafu mbele ya watoto, kufuli naweka mimi mwenyewe."

"Uchafu hautaonekana, mwenyekiti."

"Nitakaa mbele nione."

Mama hakula usiku ule. Kibanda kikifungwa, alisema, tutakwenda Kilimatinde kwa bibi kuchunga mbuzi, na Zaituni aage shule. Zaituni akalia. Mimi shule nilikuwa nimeshaiaga, nikawaza mbuzi.

Idd ikafika. Mnakumbuka Idd zetu? Pilau tangu asubuhi, kanzu zinanuka udi, viatu vipya vinabana mpaka unatembea kama kuku aliyefungwa kamba, na miwani ya plastiki ambayo ukiivaa huoni kitu lakini huivui. Saa nane kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watoto wanakaliana. Mwenyekiti yuko mbele kabisa, kwenye sofa letu tulilolitoa nyumbani. Filamu ni ya makomandoo. Mama yuko mlangoni, rimoti mkononi, anasoma dua.

Watu walikufa vizuri sana kwa muda mrefu. Kisha komando akaingia kwenye nyumba fulani, akamkuta mwanamke analia. Akamfuta machozi. Vijana wa mbele wakaanza kupiga miluzi, wanajua kinachokuja. Mama akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Komando akainamisha shingo. Mwenyekiti akakohoa.

"Fumbeni macho, wana wa haramu nyie!" mama akapiga kelele.

Nani afumbe? Mama akaruka mabenchi, akakanyaga vidole vya watu, akavua kanga yake ya juu huku anakwenda, akaitandaza mbele ya kizimba kwa mikono miwili, na kidole gumba bado kimeng'ang'ania kitufe. Tukasikia muziki umekatika. Tukasikia helikopta. Mama akashusha kanga taratibu: helikopta kweli, jangwani, wala hakuna mwanamke.

Mama mwenyewe akaitazama rimoti kama imemsemesha. Alianza kurudi mlangoni, kumbe komando hakumaliza, anarudi kuaga. Mama akabonyeza akiwa katikati ya mabenchi, ikagoma. Akarudi mbio, kanga juu, bonyeza, ikaruka. Hapo ndipo alipoliona. Kwenye kanga yake, palepale lilipo jicho, palikuwa na doa la jua, duara dogo linalowaka. Akaufuata mwale kwa macho mpaka kwenye tundu la msumari kwenye bati.

"Rajabu," akasema bila kugeuka. "Jicho lako linapigwa na jua. Wewe ukipigwa na jua machoni utaniona mimi?"

"Shemeji, sikudhani..."

"Simama hapa pembeni. Shika kanga juu ya jicho kama mwavuli. Na ugeukie ukutani."

Baba mdogo akakinga jua mpaka filamu ikaisha, uso ukutani, kanga ya mama mikononi, watoto wanamtupia maganda ya karanga. Rimoti haikugoma tena. Filamu ilipokwisha tulimkodolea mwenyekiti macho. Akajikung'uta kanzu.

"Nimekaa mbele kabisa," akasema, "na sikuona kitu chochote." Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. "Endelea na kazi, Mama Zaituni."

Tundu tuliliziba na sabuni ya mche siku hiyohiyo. Kibanda kilitulisha miaka mingine mingi, Zaituni akasoma mpaka akawa muuguzi, na mimi nikaanza kuletewa na watu redio zao mbovu nizitazame, wakidhani mtoto wa mwenye kompyuta lazima anajua. Sikujua. Nilijifunza kwa kuharibu za kwao.

Vijana wa leo kila mmoja ana sinema yake kiganjani, amejiziba masikio, anacheka peke yake kama mgonjwa. Hakuna anayekanyagwa vidole. Hakuna wa kupigiwa miluzi. Wanaona kila kitu, halafu wanasema wamechoka, hakuna cha kuangalia.

Juzi nilimsimulia mwanangu kisa hiki, akacheka, akachukua simu yake. "Baba, niambie tu jina la mwigizaji, nakutafutia filamu yenyewe sasa hivi. Utaona hicho kipande."

Nikamwambia aiweke simu chini. Kile kipande tulikikosa watu kibanda kizima, pamoja, na mwenyekiti wetu. Nikakitazame leo peke yangu sebuleni, nipate nini?