Simu Iliyokufa kwa Makusudi

Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya dirisha la tatu la posta, akigonga mihuri. Alikuwa anaigonga kwa kishindo, mpaka watu waliopanga foleni wakawa wanapepesa macho kwa pamoja kama walioambizana. Mtaani wakamwita Mama Muhuri, na jina likamkaa, maana hata nje ya posta neno lake lilikuwa vivyo hivyo: likishapigwa halifutiki.

Alistaafu wakati posta yenyewe inanyong'onyea. Madirisha manane yalibaki mawili, na upande wa pili wa ukumbi ukapangishwa kwa wauza chaja na makava ya simu. Kila alipopita pale alisonya. "Zamani watu waliandika," alikuwa akisema. "Siku hizi wanavalisha simu nguo."

Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga na marehemu mumewe, wakianza na chumba kimoja na kuongeza kingine kila walipopata nafuu. Watoto wake watatu walikuwa wameshaondoka. Binti mkubwa alikuwa muuguzi, wa kati alikuwa mwanamume, fundi wa majokofu, na kitinda mimba, binti pia, alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya mji mwingine. Hawakuwa watoto wabaya. Walimnunulia simu kubwa yenye kioo, wakamwingiza katika kundi la familia, na tangu siku hiyo wakaona wamemtembelea.

Kilichomtibua ni mapazia. Binti mkubwa alihamia nyumba mpya, na Mama Muhuri akamshonea mapazia ya madirisha saba, wiki mbili nzima mgongo ukimlalamikia. Akayakunja, akayafunga, akayapeleka mwenyewe kwenye basi la mizigo. Kesho yake simu ikalia. Akavaa miwani haraka. Kwenye kundi la familia kulikuwa na picha ya kidole gumba cha manjano. Akasubiri kidogo, akidhani neno lenyewe liko nyuma linakuja. Halikuja.

"Nimeshona mapazia saba," alimwambia jirani yake muuza mkaa, "nimejibiwa kidole. Na chenyewe kimoja."

Asubuhi iliyofuata akaazima simu ya jirani huyo, akampigia binti mkubwa.

"Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Imekufa."

"Pole mama! Tutakununulia nyingine mwisho wa wiki."

"Msininunulie. Nimechoka kuzika simu. Mwenye neno na mimi aniandikie barua. Sanduku langu la posta ni lile lile."

"Barua? Mama, barua ya karatasi?"

"Kuna ya bati?"

Wakati huo marehemu simu alikuwa mzima wa afya, mkavu, amezimwa sauti na kulazwa kwenye kopo la vifungo kabatini. Muuza mkaa alisikia yote, akamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni, akarudi kwenye magunia yake. Mambo yake yalikuwa yanamtosha.

Barua ya kwanza ilitoka kwa fundi wa majokofu. Ilikuwa na mistari mitatu: "Mama vipi. Huku poa. Kazi nyingi." Mama Muhuri akaisoma mbele na nyuma, akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu yake: "Haina salamu, haina shukrani, haina adabu. Irudi kwa mtumaji." Akairudisha. Kisha akawaandikia wote watatu sheria mpya. Kila barua ianze na asante. Asante iwe ya kitu kimoja, kilichofanywa na mtu mmoja wa familia hii, siku inayojulikana. Isiyotimiza hayo haisomwi zaidi ya mstari wa kwanza.

Binti mkubwa akajaribu: "Nakushukuru mama kwa kunizaa na kunilea." Ikarudi: "Hilo nilikuwa sina ujanja. Tafuta jingine." Kitinda mimba akaandika, "Asante kwa kila kitu." Ikarudi: "Kila Kitu ni mtoto wa nani? Simjui."

Watoto walikasirika, kisha wakacheka, kisha, kwa kuwa walikuwa wa tumbo lile lile na ukaidi ni ule ule, kila mmoja akataka barua yake ndiyo iwe ya kwanza kupita. Ya fundi ndiyo iliyopita. Alimshukuru dada yake mkubwa kwa siku ile redio ya baba ilipoanguka na kupasuka, yeye akiwa darasa la tatu, na dada akakubali lawama na kupigwa marufuku kutoka nje wiki nzima. "Aliyeiangusha ni mimi, mama. Sijawahi kumwambia asante." Mama Muhuri aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa posta, akaisoma tena. Miaka ishirini na tano alikuwa amemhesabu binti yake kuwa mzembe wa mikono. Akaipeleka barua ile kwa binti mkubwa, na ndani yake akaongeza karatasi yake mwenyewe ya kuomba radhi.

Sasa, mtu mwingine angeridhika hapo. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana Mama Muhuri alikuwa anaingia stoo, anakaa juu ya gunia la maharage, anafungua kopo la vifungo na kusoma watoto wake wanasemaje juu yake.

"Mama anatuchezea shere," aliandika binti mkubwa.

"Nimemaliza kalamu mbili," aliandika fundi. "Mkono unauma kama nimebeba friji."

Mama Muhuri alicheka huko stoo mpaka vifungo vikamwagika. Alijua ni vibaya. Alikuwa anajiambia kwamba karani wa posta hafungui barua za watu, lakini hizi zimeletwa zenyewe kwenye kopo lake.

Lakini siku moja mazungumzo yakageuka. Mvua zilikuwa zinakaribia, na binti mkubwa akasema nyumba ya mama imechoka. Vyumba viwili vya nyuma vimefungwa tangu baba afariki; bora mama ahamie kwake, ghorofa ya nne. Fundi akasema hapana, ibomolewe, wajenge ya kisasa. Kitinda mimba akasema wote wanaongea kama mama ameshakuwa samani. Mama Muhuri akasoma huku meno yameumana. Kisha akaingia mtu wa tano.

Huyu alikuwa mke wa fundi. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, na Mama Muhuri alimpa jina la Breki, kwa sababu alimwona amekuja kumfungia breki mwanawe. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wanaheshimiana kwa mbali, kama magari mawili kwenye daraja jembamba.

Breki akaandika: "Nyumba ni ya mama. Aulizwe yeye. Na paa si bovu kama mnavyosema, ni mabati mawili tu ya upande wa jikoni." Halafu akaongeza, akimlenga mumewe: "Hebu waambie, nani husafisha mifereji ya paa la mama kila mwezi?"

Fundi akajibu: "Si wewe? Mimi nipande paa! Unajua kabisa kwamba juu ya kiti tu naona kizunguzungu."

Mama Muhuri akaitoa miwani, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Maneno yalikuwa yale yale.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi yeye alikwenda mkutano wa wastaafu, na akirudi alikuta mifereji safi, majani yamerundikwa kwenye kona na ngazi imerudishwa ukutani. Kwa miaka miwili aliamini ni mwanawe. Tena hakuamini kimyakimya. Alikuwa akimwambia Breki usoni, wakikutana: "Mumeo anajua kutunza nyumba ya baba yake. Wewe hata fagio la hapa hulijui linakaa wapi." Na Breki alikuwa anaitikia, "Kweli mama."

Usingizi wa mchana ukamkimbia. Angeomba radhi vipi kwa jambo alilolisoma kwenye simu iliyokufa? Akikaa kimya, mvua zinakuja na yule mtu atapanda tena paa asubuhi ya Jumamosi kama mwizi wa wema. Akatafuta hila. Hila alikuwa nazo nyingi. Akatuma barua fupi kumwita Breki aje siku ya mapumziko, kuna jambo la nyumba.

Breki akaja na gari la mafunzo, lile lenye herufi kubwa nyekundu mgongoni. Wakakaa sebuleni. Chai ikamiminwa.

"Mwanangu," akaanza Mama Muhuri, kwa sauti ya kuulizia hali ya hewa, "hivi hii mifereji, nani hasa huisafisha?"

"Mume wangu, mama," akasema Breki. "Umeniambia mwenyewe mara nyingi."

"Aa. Yeye hachelei kupanda juu?"

"Huyo? Nyani mtupu."

Mama Muhuri akakohoa ndani ya kikombe. Breki akanywa chai yake taratibu, akakiweka kikombe chini, akasema, "Mama, naomba nikufundishe kitu kimoja cha simu. Ujumbe ukitumwa kwenye kundi, pembeni kuna alama mbili. Zinakuwa za kijivu. Zinageuka buluu watu wote wa kundi wakishasoma. Wote. Sisi tuko watano."

Nje muuza mkaa alikuwa anapatana na mteja.

"Tangu lini umejua?" akauliza Mama Muhuri.

"Siku ya tatu. Kila saa nane mchana zinageuka buluu. Nikasema, huyu maiti ana ratiba."

"Na hukuwaambia wenzako?"

"Wangeacha kuandika barua. Mume wangu hajawahi kuandika kitu kirefu kama ile ya redio. Usiku ule alimpigia dada yake simu, wakalia kama watoto."

Mama Muhuri akafikiri kidogo. Kisha kitu kikamjia, akainua kidole. "Lile swali la mifereji. Uliuliza pale kundini ukijua ninasoma."

Breki akatazama dari. "Nimesemwa miaka miwili, mama. Na mimi nina nyongo."

Hapo Mama Muhuri akacheka. Hakucheka kistaarabu, alicheka akajishika mbavu, akapiga paja, na Breki naye akashindwa kujizuia. Jirani akachungulia dirishani kuona kama kuna msiba au harusi.

Walipotulia, mama mkwe akasema kwa upole, "Nisamehe, mwanangu. Na asante."

"Hapana," akasema Breki, akisimama na kuchukua funguo zake. "Sheria ni ya wote. Kitu kimoja, mtu mmoja, siku inayojulikana. Kwa maandishi."

Mama Muhuri aliandika kesho yake. Siku nne baadaye barua ikarudi, na juu yake kwa kalamu nyekundu: "Haina tarehe." Aliishika barua ile mbele ya dirisha lake la zamani, na karani kijana akamuuliza kama kuna tatizo. "Nimepatikana," akasema. Akakaa ukumbini, akaandika upya. Aliandika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, siku ya ile mvua ya mawe, alipokuta mifereji imesafishwa na kipande cha bati kimefungwa kwa waya juu ya jiko, na sufuria zake zote kavu. Aliandika kwamba siku ile alimsifu mtu asiyehusika. Kisha akaandika jina halisi la mkwe wake, ambalo hakuwahi kulitamka tangu harusi. Barua hiyo haikurudi.

Ilibaki kuungama kwa watoto. Aliwaita wote wanne nyumbani, Breki akiwamo, akaweka kopo la vifungo mezani, akatoa simu. Binti mkubwa alisimama akaketi mara mbili. "Mama, ulisoma yote? Hata pale niliposema una kichwa kama sanduku la posta?"

"Hapo nilisoma mara tatu."

Walikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu Mama Muhuri akasema alilotaka kusema: hahami, na nyumba haibomolewi, ila yeye hawezi tena kuitunza peke yake, na haikujengwa ili iwe makumbusho ya baba yao. Vyumba viwili vya nyuma vifunguliwe. Kitinda mimba akasema hoteli yao inafungwa mwisho wa mwezi na hajui pa kwenda, na alikuwa anaona aibu kuliandika hilo.

"Ungeliandika," akasema mama yake. "Bila hata asante ningelisoma."

Jumamosi iliyofuata mabati mawili ya upande wa jikoni yalibadilishwa. Breki alikuwa juu na nyundo, kitinda mimba akimpa misumari, binti mkubwa akifungua madirisha yaliyokwama kwa miaka na kupiga chafya. Mama Muhuri alishika ngazi huku akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Mara akasikia ngazi inatetemeka. Mwanawe, fundi wa majokofu, alikuwa amepanda vidato vitatu, macho yamefungwa, misumari mkononi.

"Umefika wapi?" Breki akauliza kutoka juu.

"Sijui," akasema. "Usiniambie."