Marudio ya Baiokemia

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa leseni ya udaktari nilifeli, na kilichonizika ni baiokemia. Masomo mengine nilijikongoja, lakini kwenye vimeng'enya na safari za sukari mwilini nilibahatisha tu kama mtu anayecheza bahati nasibu. Bila mtihani ule hupokelewi hospitalini kwa mafunzo ya kazi. Unabaki na cheti cha chuo, na watu wanakuita daktari kwa kukutania. Nikajiapiza kwamba nikifeli tena basi, nakaa na mama kule Kagongwa tuuze mchele, na mtu asinitajie udaktari.

Mimi nina hasira za karibu, na siku zile hasira zote ziliishia kwenye simu. Kila kundi la watahiniwa nilijiunga. Kila faili lililotumwa nilipakua: muhtasari wa kurasa kumi, muhtasari wa muhtasari, picha za mishale ya rangi zote. Nilikuwa na video za mwalimu mmoja wa nje anayeongea kama anakimbizwa na nyuki. Nilikuwa na kitabu kinene cha mtumba ambacho ukikiweka kifuani huwezi kupumua. Nilikuwa na programu ya maswali ya kuchagua. Na chini ya kitanda kulikuwa na kaunta buku langu la mwaka wa pili chuoni, limeliwa pembe na panya. Kusoma kwenyewe sikusoma. Nilikuwa nakusanya.

Baba yeye yuko Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, ananunua marudio. Wachimbaji wakishasaga mawe na kuosha, wanachukua dhahabu inayoonekana kwa macho. Mchanga unaobaki ndio marudio, na bado una dhahabu ndani. Baba hununua malundo hayo na kuwauzia wenye mitambo ya sianidi, sumu inayoyeyusha dhahabu, ambao huitoa iliyobaki. Alipopiga simu kuuliza nafanya nini siku hizi, nikamjibu kwa mkato, nikimaanisha mtihani wa pili, "Nasubiri marudio, baba." Akasema sawa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumsalimia. Kabla sijatua begi langu lenye kitabu kinene na kaunta buku, mzee wa mashine ya kusaga mawe akaitikia shikamoo yangu na kunipa hongera. "Tumesikia umeingia kwenye maludio," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kisukuma. "Vizuri, umfuate baba yako." Mwingine akaniuliza lundo langu liko upande gani. Nilitamani ardhi inimeze. Nikampigia mama, nikafoka kwamba mume wake hajui hata tofauti ya mtihani na mchanga, ananitangaza machimbo yote.

Mama alicheka mpaka nikachukia. Halafu akasema, "Bebe wewe, baba yako anajua vizuri sana. Mwaka mzima watu wanamuuliza, 'Yule daktari wako yuko hospitali gani?' Ulivyosema marudio akaona kapata jibu la kuwapa bila kukuaibisha."

Nilikata simu nikakaa juu ya kiroba. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote.

Sikumwambia kwamba nimejua. Nilimfuata tu kazini, na ndipo nikamwona anavyonunua. Halipi lundo kwa kulitazama. Anachota na koleo juu, anachota ubavuni, halafu anachimba hadi chini kabisa, anachanganya, anaosha kwenye karai taratibu, anaangalia mkia wa dhahabu, ule mstari mwembamba unaobaki chini. Nilimuuliza kwa nini asichote juu tu, jua lenyewe kali. "Juu ndipo wanapopaka," akasema. "Mjanja anamwaga mchanga mzuri juu, wewe unanunua kifusi."

Nikakumbuka mishale ya rangi.

Jioni nikamweleza shida yangu yote, vitabu, mafaili na video. Hakushangaa. Akasema, "Pima. Usome halafu ufunge, unieleze mimi. Nisipoelewa, hilo lundo halina kitu." Nikachagua maswali matatu, moja rahisi, moja la kati, na moja la chini kabisa, lile lililonitoa jasho kwenye mtihani: sianidi inamuuaje mtu wakati damu yake imejaa hewa safi?

Tulianza na video. Nilitazama nikiitikia kwa kichwa, nimeelewa kila kitu. Nikafunga simu, nikamgeukia baba, nikakuta sina hata sentensi moja. Kitabu kinene nacho kilinipeleka sura ya tano, ikanirudisha ya pili, na baba akasinzia. Mafaili yalinipa majina tu. Baba akauliza "kwa nini?" mara tatu, na mara zote tatu nikamrudishia majina yaleyale.

Basi nikafungua kaunta buku. Nilikuta mwandiko wangu wa zamani, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, wa mtu aliyekuwa bado hajaanza kuogopa. Nikasoma, nikafunga. Nikamwambia kwamba hewa inafika kwenye seli salama, ila kuna kimeng'enya cha mwisho kinachoipokea, na sianidi inakikaba hichohicho. Seli inazungukwa na hewa na haiwezi kuitumia.

Baba akafikiri. "Kumbe mashine ina dizeli," akasema, "lakini mkanda umekatika."

Ndiyo, baba. Miaka mitano chuoni sikuwahi kusikia mtu akilisema vizuri hivyo.

Tukabakiza viwili: kaunta buku la kusoma, na ile programu ya maswali ya kujipima. Kitabu kinene nilikiweka kando, na mafaili na video nikafuta mbele yake, moja moja, na sitadanganya, niliumia kama ninayetupa chakula. Nilikaa Nyarugusu hadi mtihani ulipokaribia. Kila siku baada ya kazi nilimweleza sura moja, naye alikuwa mkali kuliko mhadhiri yeyote niliyewahi kumpata.

Matokeo yalitoka nikiwa kwake, tunakula ugali na samaki wa furu. Nilifungua simu, nikasoma mara mbili, nikasema, "Baba, nimefaulu."

Hakuruka, wala hakupiga kelele. Alinawa mikono polepole, akaifuta kwenye suruali, akasogeza kigoda karibu yangu.

"Basi naweza kusema sasa," akasema. "Miguu yangu inawaka moto, ng'wanone, mwanangu. Nyayo zote mbili. Wakati mwingine nakanyaga jiwe na sisikii."

Nikaufikiria ugonjwa wa sukari. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu ulipofeli," akasema. "Niliona nisikuongezee mzigo. Na kwa daktari mwingine sikutaka."

Nilitaka kumfokea, na siku nyingine ningemfokea kweli. Nikapiga magoti chini, nikaanza kumvua buti.